Nyota wetu amehamia kwa mahasimu, na mwanangu amemfuata. Jezi yake niipeleke ikachomwe?

Mama mshauri, shikamoo.

Nimeiahirisha barua hii kwa muda mrefu. Safu yako huandikiwa na watu wenye matatizo ya ndoa, mirathi na wakwe, nami shida yangu wengi wataiona ya kitoto. Lakini inaninyima usingizi, na sasa imeingia hadi kati yangu na mwanangu, kwa hiyo naomba unisikilize.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na mpira wa kikapu umo ndani yangu tangu nikiwa shuleni, nilipocheza nafasi ya gadi. Timu yangu ipo NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Sitaitaja, kwa sababu mashabiki wenzangu wakisoma watanitambua. Nimekuwa nayo tangu miaka ile ya dhiki, msimu una mechi 82 na sisi tukishinda 25 tunaona tumejitahidi. Watu walitucheka. Walituuliza kwa nini hatuhamii timu zenye mataji, na jibu letu lilikuwa moja: timu haihamwi.

Ndipo akaja yeye. Tulimpata kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, kijana wa miaka 19, mwembamba, mwenye haya mbele ya kamera. Tukamwona akikua. Akaja akaumia goti, akakaa nje msimu mzima, na watu wakasema amekwisha. Mimi sikusema hivyo hata siku moja. Aliporudi alikuwa mchezaji mwingine kabisa: anausoma uwanja kabla mpira haujamfikia, anatoa pasi ambayo huioni mpaka mwenzake ameshafunga. Tukaanza kuingia mtoano kila mwaka. Mwanangu, ambaye sasa ana miaka 11, aliupenda mchezo huu kwa ajili yake. Siku yake ya kuzaliwa nilimnunulia jezi ya mchezaji huyo, akalala nayo.

Mkataba ulipokwisha, akawa huru kwenda anakotaka. Hatukuwa na wasiwasi, maana miezi michache tu nyuma aliwaambia waandishi wa habari kwamba anataka kustaafia kwetu. Akasaini na mahasimu wetu. Tena ni timu ile ile iliyotutoa kwenye mtoano mara mbili. Sisi akatuachia ujumbe mfupi wa shukrani ambao sidhani hata kama aliuandika mwenyewe.

Aliyeniletea habari ni mwanangu. Aliniamsha usiku huku analia. Nikambembeleza, ingawa mimi mwenyewe nilitaka wa kunibembeleza. Lakini haikupita wiki akaja kuniomba jezi mpya, ya timu ile. Nilipomuuliza anawezaje, akanijibu kwa upole tu: “Mama, mimi nampenda yeye. Timu niliipenda kwa sababu alikuwepo.” Mama mshauri, maneno hayo yaliniuma kuliko habari yenyewe. Niliona kama nimeachwa mara mbili.

Tuna kundi letu la mashabiki tunaotazama mechi pamoja. Ni watu tuliozeeka pamoja kwenye timu hii. Wamekubaliana kwamba usiku atakaporudi kwa mara ya kwanza kucheza kwenye ukumbi wetu, kila mmoja alete jezi yake, zichomwe zote, wapige video na kuisambaza. Kiongozi wetu alinipigia akasema, “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sasa tumwonyeshe.” Kisha akaongeza kwamba mimi ni mkongwe wa kundi, kwa hiyo nisilete yangu tu, nilete na ya mtoto. Nilipokaa kimya akaniambia, “Usipoileta tutajua uko upande gani.”

Mume wangu yeye anacheka. “Yule hajui hata kama upo duniani, unamnunia nini?” Kicheko chake hicho kinanichoma.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nikimwona kwenye vipande vya video akifunga akiwa na jezi ile nyingine, huzima simu, na ndani yangu kuna sauti inayotamani lile goti limsumbue tena. Naiogopa sauti hiyo, maana mimi si mtu wa kumtakia mwenzangu mabaya.

Je, nimkataze mwanangu kuishabikia timu ile? Jezi niipeleke? Au niache kabisa kutazama mpira wa kikapu, niishi kwa amani?

Mama wa Shabiki Mdogo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hukukosea mlango, na shida yako si ya kitoto.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona mambo matatu yamefungamana hapo: uchungu wa kumpoteza mchezaji uliyemlea kwa macho, maumivu ya kuona mwanao anashika njia yake, na kundi linalokutaka uthibitishe uaminifu wako kwa kiberiti. Kila moja lingetosha kumkosesha mtu usingizi, na wewe yamekujia kwa pamoja.

Nianze na uchungu wenyewe, maana hapo ndipo unapochekwa. Mume wako amesema kweli kwamba mchezaji yule hakujui. Wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandika jambo hili mwaka 1956, wakati televisheni bado ilikuwa ngeni majumbani: mtazamaji anaweza kujenga ukaribu wa kweli na mtu wa kwenye kioo, ukaribu wa upande mmoja tu. Lakini upande wako ulikuwepo. Ulingoja goti lake lipone. Ulimtetea alipokatiwa tamaa. Msimu baada ya msimu ulipanga jioni zako kwa ratiba yake, na jioni hizo ulikaa na mwanao na marafiki zako, watu wanaokujua kwa jina. Kwa hiyo mtu akisema umempoteza mgeni, amehesabu sehemu ndogo sana ya ulichopoteza.

Yupo mtaalamu mwingine, Kenneth Doka, ambaye tangu mwaka 1989 amekuwa akieleza huzuni ambazo jamii haizipi nafasi. Hakuna anayekuja kukupa pole mchezaji anapohama, wala huwezi kuomba ruhusa kazini. Huzuni ya namna hiyo huumiza zaidi kwa kuwa haina pa kukaa. Nadhani ndiyo maana kicheko cha nyumbani kinakuchoma vile.

Sasa naomba uniruhusu nilitazame pamoja nawe lile neno lako la kuachwa. Wewe unajua kuliko mimi jinsi alivyofika kwenu. Hakuichagua timu yako. Timu ndiyo iliyomchagua yeye, naye akiwa na miaka 19 alikuwa na njia moja tu ya kuingia ligi hiyo: kwenda alikotajwa. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mkataba unaoweza kufika miaka minne, na ukiisha, timu yake ina haki ya kulingana na ofa yoyote atakayopewa kwingine na kumbakiza. Kwa mchezaji wa namna hiyo, siku ya kuwa huru kabisa inaweza kuwa mara yake ya kwanza maishani kuamua mwenyewe aishi wapi na acheze na nani.

Na timu, mwanangu, haikufungwa kwake kama ulivyofungwa wewe. Wachezaji wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa ni wachache mno, maana hata kukiomba lazima uwe umecheza ligi hiyo misimu 8, na minne kati ya hiyo uwe umeichezea timu hiyo hiyo. Waliobaki wanaweza kuhamishwa usiku wakiwa wamelala. Unamkumbuka Luka Dončić. Mwaka 2024 aliifikisha Dallas Mavericks fainali. Februari 2025 akapelekwa Lakers katika mabadilishano yaliyomleta Anthony Davis upande wa pili, bila yeye kuyaomba, na mashabiki wakaandamana nje ya ukumbi. DeMar DeRozan aliipa Toronto Raptors misimu tisa, akasema wazi kwamba anataka kubaki, na Julai 2018 akabadilishwa na Kawhi Leonard. Msimu uliofuata Toronto wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Nani alimwacha nani hapo? Sidhani kuna jibu rahisi.

Siyasemi haya ili nimsafishe mchezaji wako. Alitamka kwamba atastaafia kwenu, nanyi mkaamini, na una haki ya kuudhika kwa tamko hilo. Inawezekana alimaanisha siku ile na mambo yakabadilika. Inawezekana alisema kile ambacho waandishi walitaka kukisikia. Mimi na wewe hatuna njia ya kulijua lililo moyoni mwake, kwa hiyo nakuomba uwe mwangalifu na hadithi unayojisimulia usiku ukikosa usingizi, kwa sababu hadithi hiyo sasa unamsimulia na mwanao.

Nije kwa huyo mtoto, kwa kweli ndiye aliyenifanya nikujibu kwa kirefu.

Uliandika kwamba alikuamsha akilia, kisha ukapita haraka kwenda kwenye ombi la jezi. Mimi nimebaki pale kwenye kilio. Mtoto wa miaka 11 alipata habari ya kumvunja moyo na mtu wa kwanza aliyemkimbilia ni mama yake. Hiyo si dalili ya mtoto aliyekuacha. Ombi lake la wiki iliyofuata linaweza kuwa njia yake ya kutopoteza kila kitu kwa mpigo. Wewe ulikuwa na timu kabla ya mchezaji huyu, kwa hiyo akiondoka timu inabaki. Yeye alianza na mchezaji, na akiondoka mchezaji hana pengine pa kushika. Vijana wengi wa siku hizi huupenda mchezo kwa namna hiyo, wanamfuata mtu. Sisi wa zamani tunaona ni usaliti. Je, umewahi kumuuliza yeye anaionaje?

Ukimkataza, huenda atatii mbele yako na kutazama kwa kujificha. Hasara ninayoihofia hapo haihusu mpira. Atajifunza kwamba kuna mambo ambayo mama haambiwi. Ukimruhusu, nawe utaumia kweli, maana utaisikia timu ile ikishangiliwa sebuleni kwako, na usijidanganye kwamba utazoea kwa siku mbili. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ya kumwambia ukweli: kwamba bado una uchungu, kwamba jezi mpya huna moyo wa kuinunua msimu huu, lakini kumtazama anayempenda hukatazi. Watoto huweza kubeba ukweli wa aina hiyo kuliko tunavyodhani. Anaweza kununa. Anaweza pia kukushangaza.

Kuhusu kuchoma, naogopa kukuamulia, ila nina swali. Jezi ile ni ya nani? Ulimpa mwanao siku yake ya kuzaliwa. Yako ni yako, na ukitaka kuichoma, kuigawa au kuifungia kabatini mpaka hasira ipoe, hakuna wa kukuuliza. Yake je? Kabla ya kuitoa nyumbani, fikiria utamwambia nini asubuhi akiitafuta, na utamwambia nini akiiona inaungua kwenye video iliyosambazwa na rafiki zako.

Mashabiki wa Cleveland walichoma jezi za nyota wao, LeBron James, Julai 2010, usiku ule aliotangaza kwenye televisheni kwamba anakwenda Miami. Walikuwa na hasira, na sina ubavu wa kuwahukumu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa eneo lile na alilitangaza jambo lile mbele ya dunia nzima. Mwaka 2014 akarudi. Mwaka 2016 akawapa ubingwa, timu ikitoka nyuma kwa mechi 3 kwa 1 kwenye fainali, ubingwa wa kwanza wa timu kubwa ya kulipwa ya mji ule tangu 1964. Mwaka 2018 akaondoka tena, safari hii kwenda Lakers. Siahidi kwamba wa kwenu atarudi. Wengi hawarudi. Nasema tu kwamba moto huchukua dakika chache, na hadithi ya mchezaji na mji inaweza kuendelea kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kuzomea ni jambo jingine, na hapa huenda nikatofautiana na wanaotaka mashabiki wawe malaika. Vince Carter alitaka kuondoka Toronto, akapelekwa New Jersey Desemba 2004, na kwa karibu miaka kumi kila aliporudi alizomewa kwa sauti zote. Novemba 2014, akiwa mchezaji wa Memphis, Toronto wakaonyesha video ya kumbukumbu zake, watu wakasimama na kumpigia makofi, naye akatokwa na machozi. Novemba 2024 jezi yake namba 15 ikatundikwa juu ya ukumbi ule ule. Naamini watu wale walihitaji miaka yao ya kuzomea, na sioni kwamba iliwaharibu. Walipokuwa tayari, walipiga makofi. Dallas nako, Dončić aliporudi Aprili 2025, walimshangilia usiku ule ule wa kwanza huku akiwafunga pointi 45, ingawa yeye hakuondoka kwa hiari, na hiyo ni tofauti kubwa na kwenu. Kwa hiyo ukijikuta unazomea, au unanyamaza, au unashangilia bila kutarajia, yote yameshafanywa na watu waliopenda timu zao sana.

Kundi lako nalo nisilipuuze. Hawa ndio wanaouelewa uchungu wako bila kuelezwa, na mtu aliye kwenye huzuni asikimbilie kuwakata watu wa namna hiyo. Ukisusia usiku ule, utabaki peke yako na simu yako, na sidhani itakusaidia. Unaweza kwenda bila jezi ya mtoto. Kama utachagua hivyo, mwone kiongozi wenu mapema, mkiwa wawili, umwambie jezi ni ya mtoto na si yako kuitoa. Mbele ya kundi lenye hasira ni vigumu mtu kukuelewa. Huenda akakubali. Huenda pia ukataniwa, ukaitwa msaliti kwa wiki kadhaa, na hilo litauma. Ila lile neno lake, “tutajua uko upande gani,” nisingependa lipite bila kujibiwa na mtu aliyekaa na timu hiyo kwenye misimu ya ushindi 25.

Na kuacha kabisa kutazama? Kupumzika si vibaya. Zima vipande vile vya video, ruka mechi zake, hakuna anayekudai. Lakini kabla hujaufunga mlango wote, kumbuka ulikuwa gadi kabla kijana huyo hajajua kudunda mpira. Mchezo huu hukuletewa na yeye. Lini mara ya mwisho uliushika mpira mwenyewe? Pengine wewe na mwanao mngepata sehemu ya kurusha mipira bila jezi ya mtu yeyote, na mazungumzo yale magumu yakaja yenyewe huko.

Ile sauti inayotamani goti limsumbue, nakushukuru kwa kuniamini nayo. Wazo si tendo. Mtu aliyeumizwa hupitiwa na mawazo ambayo siku nyingine angeyakana, na kule kuogopa kwako kunaonyesha bado unajijua. Usiliandike popote mtandaoni, wala usilikuze kwa kutazama video zake ukiwa na hasira. Lakini kama usingizi utaendelea kukukimbia kwa wiki kadhaa, au ukiona hasira hii inawafikia na watu wengine wa nyumbani, tafuta mshauri wa ana kwa ana au mtaalamu wa afya. Wakati mwingine kuondoka kwa mtu wa mbali hutonesha kidonda cha kuondokewa na mtu wa karibu. Hukuandika lolote la aina hiyo, nami sitaki kukubunia. Kama lipo, wewe utalijua.

Limebaki la mume wako. Anacheka pengine kwa sababu hajui aseme nini, na kwake ni mchezo tu. Huna haja ya kumfanya apende kikapu. Mtafute wakati ametulia, si katikati ya mechi, umwambie kwamba kile kicheko kinakuumiza, kisha umweleze lile la kundi na jezi ya mtoto. Hilo ni jambo la malezi, na analo la kusema kama baba. Mngekubaliana nyinyi wawili kabla usiku ule haujafika, usingeingia huko na mzigo wote kichwani peke yako.

Niandikie tena mkishazungumza. Napenda hasa kujua mwanao atakujibu nini ukimuuliza anataka ile jezi ya zamani ifanyiwe nini.